Wakuu, nimekabidhiwa kabati lenye MoU 41 za "maendeleo endelevu", nianzie wapi?

MtuWaKabati

Habari zenu wakuu, naomba mawazo, na samahani mapema maana uzi utakuwa mrefu.

Mimi ni mhadhiri wa kawaida tu. Miezi miwili iliyopita nikaongezewa kazi ya kuratibu ushirikiano wa chuo upande wa maendeleo endelevu. Watu wakanipa hongera, mimi nikabaki najiuliza hongera ya nini, maana siku ya kwanza nilichokabidhiwa ni ufunguo wa kabati la chuma na ndani yake mafaili ya MoU 41, zile hati za makubaliano ya ushirikiano. Nimezihesabu mwenyewe nimekaa sakafuni. Vyuo vya nje, vyuo vya humu humu, mashirika, idara za serikali, kampuni mbili tatu. Karibu zote zina sentensi moja, "pande zote zitashirikiana katika utafiti, ufundishaji na kubadilishana wahadhiri na wanafunzi", utadhani aliyeandika ni mtu mmoja anazunguka dunia nzima. Nyingi muda wake umeshaisha na hakuna aliyestuka. Nikapiga namba 9 zilizoandikwa humo, zikapokelewa 2, na mmoja wa hao wawili akaniuliza, chuo gani hicho?

Sasa bosi wangu anataka mpango wa mwaka, na anataka tufikishe MoU 60. Hoja yake ni kwamba Umoja wa Mataifa mwaka 2015 walipopitisha yale malengo 17 ya maendeleo endelevu, la mwisho kabisa ndo la ushirikiano, kwa hiyo chuo kikiwa na washirika wengi tumelitimiza. Mimi naona kuna kitu hakijakaa sawa hapo ila sina lugha ya kumwambia. Hivi kuna sehemu huu ushirikiano wa vyuo unafanya kazi kweli kweli, yaani ukaenda ukaona maji yanatoka au shamba limepona? Na wao walianzaje? Msinitumie link za mikutano tafadhali, nimeshahudhuria webina za kutosha.

Ngojawaje

Nimekaa hapa naweka kambi, wajuzi waje. Ila 41 dah. Sisi kwetu ziko kwenye boksi la printa.

mzee_wa_andiko

Mkuu pole sana, na kabati hilo sio la kwako peke yako, nimefanya hii kazi miaka kumi na mbili kwenye vyuo viwili na kote nililikuta.

Kwanza nikutoe hofu kwenye kitu kimoja, MoU yenyewe sio dhambi. Ile hati ni kama kubisha hodi. Haimlazimishi mtu kitu, haina pesa ndani, na ndo maana wakubwa wanaisaini haraka haraka wanapiga picha wanaondoka. Tatizo ni kwamba watu wanabisha hodi halafu wanarudi nyumbani wanasema tumeshakaribishwa. Kazi iko kwenye karatasi ya pili, ile ya utekelezaji, inayosema nani anafanya nini, mpaka lini, kwa pesa ya nani, na ikitokea mmegombana mnakaa wapi. Hebu fungua hayo mafaili yako uangalie ni mangapi yana hiyo karatasi ya pili. Nabashiri hayafiki matano.

Pili, na hapa nitaongea kwa kirefu kidogo. Ushirikiano unaokufa mara nyingi ulizaliwa juu ukasubiriwa ushuke chini, mkuu wa chuo kakutana na mkuu mwenzake kwenye mkutano wakapendana, basi. Unaoishi unazaliwa chini. Mtu wa udongo wa chuo hiki na mtu wa udongo wa chuo kile wana tatizo moja linawanyima usingizi, wameshaandikiana imeli miezi sita, wameshapeana data, mwanafunzi mmoja wa masta kashaenda upande wa pili akakaa wiki nne akarudi na kitu, halafu ndo wanakuja ofisini kwako wanasema jamani tunahitaji hati maana tunataka kuomba fandi. Hapo unasaini huku unacheka. Kwa hiyo badala ya kutafuta washirika wapya 19 kufikisha 60, mimi ningezunguka vitivo na swali moja tu, nani hapa ana mtu wa nje anaongea naye kila mwezi? Utashangaa. Kuna watu wana ushirikiano wa miaka minane haupo kabatini kwako hata kidogo.

Mfano wa mahali inafanya kazi, umeuliza vizuri. Angalia RUFORUM, ule mtandao wa vyuo vya Afrika vyenye kilimo. Ulianza 2004 na vyuo 10 tu, sasa vimepita 100. Ninachokipenda kwao sio ukubwa. Wamekuwa wakitoa ruzuku ndogo za ushindani ambapo mhadhiri haji peke yake, anakuja na wanafunzi wa masta na tatizo la wakulima fulani. Yaani mwanafunzi anapata digrii yake, mkulima anapata jibu lake na mhadhiri anapata chapisho, kila mtu ana sababu ya kuamka asubuhi. Ukiona ushirikiano ambao upande mmoja hauna sababu ya kuamka asubuhi, huo ushakufa, mnasubiri mazishi tu.

Na ahadi peke yake haitoshi, hilo lina historia. Mwaka 1990 wakuu wa vyuo walikutana Talloires kule Ufaransa wakaandika tamko la mambo 10 kuhusu vyuo na mazingira, baadaye vikasaini vyuo zaidi ya 500. Ni kitu kizuri, silikejeli. Lakini vyuo viwili vinaweza kuwa vimesaini tamko lile lile, kimoja kikabadilisha mtaala na kingine kikabandika cheti ukutani.

DadaTakwimu

Mzee kaongea ila kaacha kidonda, ngoja nikiguse mimi.

Nilikuwa kwenye mradi wa visima, chuo chetu na chuo kimoja cha nje, sitavitaja. Miaka mitatu. Tuliweka vidude vya kupima kina cha maji kwenye visima 14, na vidude vikigoma (vilikuwa vinagoma sana, unyevu unaingia kwenye betri) mimi na fundi wetu tulikuwa tunakwenda na kamba yenye alama tunapima kwa mkono, nasoma yeye anaandika kwenye daftari. Kila jioni data inatumwa kwenye seva iliyoko kwa washirika. Paswedi walikuwa nayo wao. Sikuwahi kuuliza kwa nini, na hilo najilaumu mwenyewe.

Mradi ukaisha. Miezi mitano baadaye idara ya maji ya mji wakaniita wanataka namba, maana wanapanga kuchimba kisima kipya na wanataka kujua maji yanashuka kiasi gani kiangazi. Naingia kwenye seva, paswedi haikubali. Naandika imeli, najibiwa kwa upole kabisa kwamba mkataba wa seva uliisha pamoja na mradi na mhusika kahamia chuo kingine. Nimekaa mbele ya injinia wa watu na daftari lenye matope na nusu ya faili la Excel. Chapisho lilitoka lakini, jarida zuri tu, waandishi 11, mimi wa 9. Yule fundi aliyekuwa anashika kamba yuko kwenye shukrani, na jina lake limekosewa herufi.

Kwa hiyo MtuWaKabati, kabla hujasaini chochote uliza data itakaa wapi na nakala ya pili itakaa wapi, na mradi ukiisha nani anaendelea kulipia. Uliza nani anaandika jina la kwanza kwenye chapisho gani. Hayo yaongelewe wiki ya kwanza watu wakiwa bado wanachekeana, sio wiki ya mwisho. Kama mmechukua mimea au vijidudu au mbegu kuna Itifaki ya Nagoya, mkataba wa kimataifa, imeanza kutumika 2014, inahusu ruhusa na kugawana faida, hiyo ofisi yenu ya sheria lazima iijue.

Na ukiona aibu kuuliza, kuna kanuni zimeshaandikwa za kukusaidia. Wasan, wenyeji wa asili wa Afrika Kusini, walichoka kufanyiwa utafiti na watu wasiorudi, 2017 wakatoa kanuni zao wenyewe za watafiti. Mwaka uliofuata ukatoka mwongozo wa mradi wa TRUST wa ushirikiano wa haki baina ya nchi tajiri na maskini, una nguzo nne tu, haki, heshima, kujali na ukweli, na Tume ya Ulaya imeukubali kwa miradi inayoifadhili. Unauweka mezani unasema jamani tufuate huu. Hauonekani mkorofi, unaonekana umesoma.

MtuWaKabati

DadaTakwimu nimesoma hiyo habari ya paswedi nikasimama. Kesho naenda kuuliza za kwetu ziko wapi.

Ila swali la bosi bado. Jana kanionyesha kwenye simu orodha za kupanga vyuo kwa malengo haya ya maendeleo endelevu, anasema tukiongeza washirika tunapanda. Ni kweli?

Sijasaini

Nusu kweli. Hizo za Times Higher Education, jarida la Uingereza la elimu ya juu, zilianza 2019, na jinsi walivyokuwa wanahesabu alama ya jumla ni kwamba lengo la 17 lazima liwemo na linabeba asilimia 22, halafu wanachukua malengo matatu uliyofanya vizuri zaidi, kila moja asilimia 26. Kwa hiyo bosi wako kaona sawa kwamba 17 haikwepeki. Alichokosea ni kudhani wanahesabu MoU. Wanaangalia machapisho, wanaangalia kama unafanya kazi na serikali na mashirika kwenye sera na data, wanaangalia unafundisha nini, na wanataka ushahidi, tena ushahidi uliowekwa wazi mtu yeyote auone una uzito zaidi. Kabati lako la chuma lenye kufuli ndo kinyume cha hicho kitu 😂

Ongea naye kwa lugha anayoielewa. Mwambie bosi, MoU 60 zisizo na kazi ni kurasa 60 tupu, ushirikiano 6 wenye data na machapisho na barua ya idara ya maji ikisema "tulitumia matokeo haya" ni alama. Binafsi sizipendi hizo orodha, zinafanya vyuo vikimbilie kinachopimika na kuacha kinachofaa, lakini kama ndo fimbo iliyopo mkononi itumie hiyo hiyo.

FundiMita

Nimeingia humu kwa bahati. Mimi sio mtu wa chuo, mimi niko upande wa pili, idara ya maji ya mji. Sio ile ya DadaTakwimu, ila habari yake naijua kama naiishi.

Naomba niseme jinsi tunavyowaona nyie. Mwaka jana peke yake yamekuja makundi matatu ya wanafunzi, vitivo vitatu tofauti vya chuo kimoja, na dodoso karibu linalofanana. "Je, unaridhika na huduma?" Nimejaza yote matatu. Hakuna hata mmoja aliyejua kuwa mwenzake kapita. Hakuna aliyerudi. Nina barua zao za utambulisho kwenye droo, zimegongwa mihuri vizuri sana.

Mimi maswali ninayo. Nina mita zinazosoma uongo mtaa mmoja na sijui kwa nini. Nina bomba linapasuka pale pale kila baada ya miezi michache. Mwanafunzi mmoja wa uhandisi akikaa kwangu miezi mitatu na ramani anaweza kunijibu, lakini hakuna dirisha la kuleta swali chuoni kwenu. Ukienda getini unaulizwa una miadi na nani.

Na kalenda. Bajeti yetu inafungwa wakati nyie mnasahihisha mitihani. Mnakuja na matokeo miezi mitatu baada ya sisi kugawa pesa, mnasema serikali haitumii utafiti. Tunatumia, ila umechelewa. Nileteeni ukurasa mmoja mapema kuliko kitabu baadaye.

mzee_wa_andiko

FundiMita ungekuwa karibu ningekukumbatia. Hilo dirisha unalolisema lilishafanywa, Uholanzi miaka ya 1970 wanafunzi na wahadhiri walianzisha kitu walichokiita maduka ya sayansi, hakuna kinachouzwa mle, mwananchi au chama cha wakazi wanakuja na swali lao, chuo kinamtafuta mwanafunzi na msimamizi, swali linageuka kuwa kazi yake ya digrii na jibu linarudi kwa mwenyewe. Wazo likasambaa nchi nyingine. Halihitaji fandi kubwa, linahitaji mtu mmoja anayepokea simu, na mwenye ubavu wa kumwambia mwenye swali "hili hatuliwezi" badala ya kukaa nalo kimya mwaka mzima.

Kalamu_ya_Bajeti

Mnaongea vizuri wote lakini hamjagusa pesa, na pesa ndo inaua zaidi ya paswedi.

Nipo ofisi ya fedha ya chuo. Wahadhiri wanatuletea mikataba imeshasainiwa, fedha yote inapitia kwa mshirika mkubwa, sisi tunapokea kwa awamu baada ya kutumia kwanza. Yaani tukopeshe mradi kutoka mfuko tusiokuwa nao. Halafu gharama za uendeshaji, umeme, mhasibu, intaneti, ukaguzi, wanaandika sifuri au asilimia ndogo ya kutia huruma. Kwenye mfuko wa utafiti wa Ulaya, Horizon Europe, kiwango cha gharama hizo ni asilimia 25 juu ya gharama za moja kwa moja, kwa hiyo sio kitu cha kuomba kwa kunyenyekea, uliza mshirika anapata ngapi na sisi tunapata ngapi. Mara nyingi swali hilo tu linabadilisha bajeti.

Na msijenge ushirikiano kwenye mfuko mmoja. Machi 2021, baada ya Uingereza kuamua kupunguza misaada kutoka asilimia 0.7 ya pato la taifa kwenda 0.5, baraza lao la utafiti UKRI likatangaza pengo la pauni milioni 120 kati ya pesa iliyopo na ahadi walizokwisha toa, miradi ikaambiwa ijipunguze katikati ya safari. Mwaka 2025 ikaja zamu ya USAID, shirika la misaada la Marekani, hiyo ikafungwa kabisa. Kuna watu walikuwa na wanafunzi wa PhD mwaka wa pili. Kwa hiyo kwenye ile karatasi ya pili anayoisema mzee mimi huwa nataka mstari mmoja wa ziada, pesa ikikatika kesho kipi kinaendelea? Kama jibu ni hakuna basi huo ni mradi, msiuite ushirikiano.

Ngojawaje

Nilikuja kupiga kambi nimeishia kuandika notisi 😅

MtuWaKabati

Wakuu nimerudi, imepita wiki tatu. Asanteni sana, kila mmoja.

Nilizunguka vitivo na lile swali la mzee. Wamejitokeza watu 7. Mmoja wao, mama mmoja wa afya ya jamii, ana mshirika wa tangu 2016, wanakutana Zoom kila Jumanne ya kwanza ya mwezi, na haujawahi kuandikwa popote. Kabatini kwangu huyo mshirika hayupo. Kuna mwingine yupo kabatini, ila kwa kitivo ambacho kilishafutwa.

Yale mafaili 41 nimeyagawa. Yenye karatasi ya pili ni 4, mzee ulibashiri vizuri ukanitisha. Yaliyobaki nimeandika imeli fupi kwa kila mmoja, nikauliza kama bado wanataka na nani atakuwa mtu wa kuongea naye. Wamejibu 11. Wengine nimeomba tuyafunge rasmi, bosi hakufurahi, nikamwonyesha ile hesabu ya 22 na 26 ya Sijasaini akakaa kimya muda mrefu halafu akasema leta kwa maandishi. Sijui kama ni ndiyo.

Data nimeuliza. Miradi mitatu kati ya minne, seva iko kwa wenzetu. Mmoja wameshakubali tuweke nakala huku, wawili wanasema "tutalijadili". Kalamu_ya_Bajeti nitakutafuta inbox kuhusu zile asilimia.

Na dirisha nimelifungua, ni meza moja na simu moja Jumatano mchana, hata bango sina. FundiMita, kama bado unaingia humu, lile swali la mita zinazosoma uongo naomba uliandike nusu ukurasa, nina kijana wa mwaka wa nne anatafuta kazi ya kumalizia digrii na anatakiwa kuwasilisha mada wiki ijayo.

FundiMita

Nipo. Nakuandikia leo usiku. Bajeti inafungwa baada ya wiki 14, mwambie kijana aje na viatu vya matope.